Seli za Samaki na Mabwawa ya Wanachama

Hotuba iliyosomwa Makanyagio, Mpanda, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu cha Ushirika



Walionitangulia wamekwisha kusema juu ya tumbaku, mahindi na alizeti, na wamesema vema. Sina haja ya kuyarudia yao. Mimi nimeombwa niseme juu ya samaki, kwa sababu liko mbele ya Mkutano Mkuu shauri la kuwasaidia wanachama kuchimba mabwawa na kuwanunulia vifaranga kwa fedha ya Chama. Katika shauri hilo limo swali ambalo wengi wameliona dogo, nalo ni hili: vifaranga hao watatoka wapi, na nani atatuthibitishia kuwa ni wazima?

Kulijibu swali hilo sina budi kuwapitisha katika chumba ambacho wengi wetu hatujapata kukiona, yaani chumba cha maabara ambamo seli za samaki hulelewa ndani ya chupa. Msidhani kuwa nawapeleka mbali na mashamba yenu. Kazi inayofanyika humo yafanana sana na kazi ya kitalu, na mtu aliyewahi kulea miche ya tumbaku hatapata shida kuifahamu.

SOTOKA ILIVYOKWISHA

Nitaanza na jambo mnalolijua. Wazee wetu walisimuliwa habari za sotoka, ugonjwa ulioingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 ukafagia ng'ombe zizi baada ya zizi, na njaa ikafuata nyuma yake. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka imetoweka duniani kote. Ndiyo maradhi ya kwanza ya wanyama kukomeshwa kabisa na mwanadamu.

Silaha kubwa katika vita hivyo ilitengenezwa jirani na hapa, huko Muguga, Kenya. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Bwana Walter Plowright na mwenzake R. D. Ferris walikiotesha kirusi cha sotoka katika seli za figo za ndama zilizolelewa ndani ya chupa. Walikihamisha kutoka chupa hata chupa, mara zipatazo 90, mpaka kirusi kikapoteza ukali wake lakini kikabaki na uwezo wa kumkinga ng'ombe. Kutokana na kirusi hicho kilichofugwa ilipatikana chanjo iliyotumika Afrika na kwingineko kwa miaka mingi.

Kwa nini walihitaji seli? Kwa sababu kirusi si kama bakteria. Bakteria wengi huweza kuoteshwa juu ya chakula kilichotengenezwa kwa mchuzi wa nyama. Kirusi hakiwezi. Kikiwa peke yake hakili, hakikui wala hakizai. Hakina budi kuingia ndani ya seli iliyo hai na kuitumikisha, kama vile kiduha kisivyoweza kusitawi pasipo mzizi wa mhindi au wa mtama. Basi mtaalamu asiye na seli hai hana mahali pa kukiotesha kirusi, na asipokiotesha ni taabu kwake kukichunguza, kukipimia nguvu au kukitengenezea chanjo.

Lakini angalieni neno moja. Seli za figo za ndama zilidumu kwa muda mfupi, na kila zilipokwisha ilipasa kuchukua figo nyingine. Hali hiyo ni kama ya mkulima wa mbegu chotara, ambaye kila msimu hana budi kurudi dukani. Wataalamu walitamani mbegu ya kuhifadhi wenyewe: seli ambazo zikiisha kulelewa huendelea kuzaliana mwaka baada ya mwaka, hivyo kwamba seli za leo ni wajukuu wa seli zilizotwaliwa kwa mnyama mmoja zamani. Seli za namna hiyo tutaziita nasaba ya seli.

Kwa upande wa samaki, nasaba ya kwanza ya kudumu ilitangazwa mwaka 1962 na Ken Wolf pamoja na M. C. Quimby wa Marekani. Waliitoa katika tezi za uzazi za samaki aitwaye trauti, wakaipa jina la RTG-2. Ingali hai hata leo, na hutumika katika maabara nyingi. Tangu hapo kazi imeenea, na kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimeandikwa nasaba zaidi ya 280 za seli za samaki duniani.

KITALU CHA SELI

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kwanza huchaguliwa samaki mzima, asiye na jeraha wala dalili ya ugonjwa. Aghalabu huwekwa bila chakula kwa muda, ili tumbo litakate. Kisha huuawa kwa namna isiyomtesa, na ngozi yake husafishwa kwa spiriti, maana maji ya bwawa yamejaa bakteria na kuvu, nao hupenda chakula cha seli kuliko seli zenyewe.

Hukatwa kipande kidogo cha mwili: pezi, moyo, bandama, figo, ini au ubongo. Huoshwa mara kadhaa katika maji ya chumvi yenye dawa za kuua vijidudu, kisha hukatwakatwa kuwa vipande vya kadiri ya milimita moja. Hapo njia hugawanyika mbili. Wengine hubandika vipande hivyo katika sakafu ya chupa na kungoja seli zitambae kutoka kando zake, kama mashina ya viazi vitamu yanavyotambaa kutoka tutani. Wengine hutumia kimeng'enya kiitwacho tripsini, ambacho huyeyusha gundi inayozishika seli pamoja, zikatawanyika moja moja.

Chupani hutiwa chakula cha majimaji chenye chumvi, sukari, vitamini na vijenzi vya protini, na juu yake huongezwa seramu ya damu ya ndama, mara nyingi sehemu 10 hadi 20 katika kila 100. Chakula kimoja kinachopendwa sana kwa seli za samaki kiliundwa na Albert Leibovitz mwaka 1963, nacho huitwa L-15. Sifa yake kubwa ni kwamba hakihitaji mtungi wa hewa ya kaboni dayoksaidi. Seli hustawi katika hewa hii hii tuivutayo. Seli za samaki wa maji ya joto, kama sato, hulelewa katika nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Kwa ajili hiyo kazi hii yaweza kufanywa hata katika nchi zisizo na fedha nyingi, madhali upo usafi, umeme wa kuaminika, na watu wenye subira.

Subira naitaja kwa makusudi. Baada ya siku chache seli huanza kutambaa. Baada ya majuma kadhaa huweza kuijaza sakafu ya chupa kama majani yanavyofunika uwanja. Hapo hung'olewa kwa tripsini na kugawanywa katika chupa mbili, kama miche inavyong'olewa kitaluni na kupandikizwa shambani. Chupa hizo nazo zikijaa, hugawanywa tena. Katika kila hatua nyingi hufa. Wapo waliolea seli miezi mingi, kisha wakaziona zikizeeka na kukoma mbele ya macho yao. Seli za binadamu zilizo za kawaida hugawanyika idadi fulani ya mara tu, kama alivyoonyesha Leonard Hayflick mwaka 1961. Lakini seli za samaki mara nyingi huuvuka mpaka huo na kuendelea. Zikiisha kupandikizwa mara nyingi bila kudhoofika, ndipo mlezi huthubutu kusema kwamba amepata nasaba.

Hata hapo hajamaliza. Sehemu ya seli hizo huchanganywa na dawa ya kuzikinga na baridi, hugandishwa polepole, na kuhifadhiwa katika nitrojeni ya majimaji, penye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hiyo ndiyo ghala ya mbegu. Chupa za mezani zikiingia kuvu au umeme ukikatika, mlezi hurudi ghalani akaanza tena. Nasi tujuao maana ya kuweka akiba ya mbegu hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

DAFTARI LA UANACHAMA

Mabibi na Mabwana, chama cha ushirika hakimpokei mtu kwa kuwa ameketi katika mkutano tu. Huulizwa jina lake, kijiji chake, shamba lake, na hisa zake, yakaandikwa daftarini. Nasaba ya seli nayo haikubaliwi kwa kuwa imeota tu. Ni lazima itambulishwe. Maswali yaulizwayo ni matano.

La kwanza: hizi ni seli za samaki gani? Hujibiwa kwa kusoma kipande cha DNA kinachotofautiana kwa kila aina ya samaki, na kwa kuhesabu kromosomu. Sato, kwa mfano, ana kromosomu 44. La pili: ni za sehemu gani ya mwili, na umbo lake ni lipi, jembamba na refu au pana kama vigae? La tatu: zastawi katika joto gani, na kwa seramu kiasi gani? La nne: je, ni safi? Maana vipo vijidudu viitwavyo mikoplazma, ambavyo huishi ndani ya chupa bila kuyachafua maji, hata mlezi asijue kuwa amevamiwa. La tano: zikiambukizwa kirusi fulani, zafa au zakipinga? Na zikiamshwa kutoka katika baridi, ngapi huamka?

Yawezekana mmoja wenu akauliza: kwa nini taabu yote hii? Nitajibu kwa kisa cha kweli. Mwaka 1983 ilitangazwa nasaba iitwayo EPC, iliyosemwa kuwa imetoka katika uvimbe wa ngozi ya samaki aina ya karpi. Ilikuwa nasaba nzuri sana, ikaenea katika maabara za dunia, na kazi nyingi za kupima maradhi ya samaki zikafanyika kwayo. Mwaka 2010 James Winton na wenzake walichapisha matokeo ya kuisoma DNA yake kwa makini. Kumbe seli hizo hazikuwa za karpi hata kidogo. Zilikuwa za samaki mwingine mdogo wa Amerika ya Kaskazini. Mahali fulani, siku fulani, seli za chupa moja ziliingia katika chupa nyingine zikaishinda, na jina likabaki lile lile. Miaka zaidi ya 20 ilipita wataalamu wakimwita mgeni kwa jina la mwenyeji.

Seli hizo hazikuwa mbaya, na zingali zatumika kupimia virusi. Lakini aliyezitumia ili ajue tabia ya karpi alikuwa akipima tumbaku ya Juma na kuiandika kwa jina la Ali. Naam, katika soko la tumbaku twajua ugomvi utokao katika robota lisilo na alama sahihi. Ndiyo maana nasema kwamba mizani na daftari ni sehemu ya sayansi kama zilivyo sehemu ya ushirika.

KIRUSI KILICHOTOKEA KATIKA SATO

Sasa tunafika katika shauri letu. Kuanzia mwaka 2009 wafugaji wa samaki na wavuvi wa Israeli waliona jamii ya perege na sato wakifa kwa wingi katika mabwawa na katika Bahari ya Galilaya. Mwaka 2014 Marina Eyngor na wenzake walieleza sababu yake: kirusi kipya, ambacho kwa kifupi huandikwa TiLV. Walikipataje? Walizisaga ogani za samaki wagonjwa, wakazichuja, wakaumimina mchujo huo juu ya seli zilizolelewa chupani. Baada ya siku kadhaa seli zikaanza kuvimba, kuharibika na kung'oka. Katika shamba la seli lililokuwa zima, mlikuwa na mabaka ya vifo. Hapo ndipo walipojua kwamba kuna kitu kilicho hai.

Nasaba iliyowasaidia huitwa E-11. Asili yake ni samaki mmoja wa Asia ya Kusini-Mashariki mwenye kichwa kilichofanana na cha nyoka, wala si sato. Tena nasaba hiyo inabeba kirusi chake yenyewe, kilichomo ndani yake siku zote. Ilifaa kwa kazi ile, lakini mtaalamu hupenda kukipima kirusi cha sato katika seli za sato. Mwaka 2018 wataalamu wa India walieleza nasaba mbili walizozitoa kwa sato, moja ya ubongo na moja ya ini, na zote mbili zilikilea kirusi hicho vizuri. Kazi za kutafuta chanjo zahitaji seli kama hizo, kwa maana chanjo ya kirusi kilichouawa hudai kwanza kirusi kingi, na kirusi kingi hudai seli nyingi.

Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa tahadhari kwa nchi zote zifugazo samaki wa jamii hii. Mwaka 2018 Kizito Mugimba na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda na upande wa Tanzania. Walipima sato 191, wa ziwani na wa kufugwa. Katika 28 kati yao walikuta alama ya TiLV, na wengi wa hao alama ilikuwa katika bandama.

Hapa naomba tuwe waangalifu, tusije tukatia watu hofu bure. Uchunguzi ule ulitumia kipimo cha PCR, ambacho hutafuta alama ya urithi ya kirusi. Kipimo hicho ni chepesi na chenye macho makali. Lakini hakisemi kama kirusi kilichoonekana ni kizima na chaweza kuambukiza. Kulisema hilo ni kazi ya seli za chupani. Wala samaki hao hawakuwa wakifa kwa wingi. Tena kirusi hiki hakijulikani kumdhuru mwanadamu, na hapana sababu ya mtu kuacha kula sato. Nililosema ni hili tu: samaki aonekanaye mzima kwa macho aweza kubeba kitu ambacho macho hayakioni. Na mnunuzi wa vifaranga hununua kwa macho.

MAJI YETU

Mkoa wetu wa Katavi umekaa katika mgawanyo wa maji. Mto Katuma hushuka kuelekea Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na maji hayo huelekea Ziwa Rukwa. Mto Ugalla huelekea kaskazini na kujiunga na Malagarasi, na Malagarasi humwaga katika Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo mtu amwagaye ndoo ya samaki hapa Mpanda, yamkini amewamwagia watu wa maziwa mawili.

Na maji hayo si matupu. Ziwa Rukwa lina perege wake, Oreochromis rukwaensis, asiyekuwa na asili mahali pengine. Malagarasi ina wake, Oreochromis malagarasi. Ziwa Tanganyika lina wake, Oreochromis tanganicae. Hawa watatu ni ndugu wa sato. Kirusi kinachomdhuru sato, je, kitawafanya nini ndugu zake? Swali hilo laweza kuanza kujibiwa bila kuuambukiza hata mto mmoja: kipande cha pezi cha perege wa Rukwa, kikilelewa kuwa nasaba na kutambulishwa ipasavyo, chaweza kuambukizwa ndani ya chupa iliyofungwa, penye ulinzi. Seli si samaki. Haina damu wala mashavu, na jibu lake halina budi kuthibitishwa baadaye. Lakini ni jibu la kwanza, nalo hupatikana kabla ya hasara badala ya baada yake.

Kwamba maradhi ya samaki hufuata maji si dhana tu. Kuanzia mwaka 2006 wavuvi wa Mto Zambezi na vijito vyake, katika Botswana, Namibia na Zambia, waliona samaki wenye vidonda vikubwa mwilini. Ugonjwa ule haukutokana na kirusi, bali na kiumbe mfano wa kuvu aishiye majini. Kabla ya hapo haukuwa umepata kuonekana katika Afrika. Baadaye ukafika Bangweulu, kaskazini mwa Zambia. Ulipoingia mtoni hapakuwa na mtu wa kuufungia mlango.

Naongeza faida nyingine ya seli hizi, kwa kuwa sisi ni wakulima wa tumbaku, na dawa za wadudu tunazipuliza. Iko nasaba ya seli za mashavu ya trauti, iitwayo RTgill-W1. Mwaka 2021 ilikubaliwa katika miongozo ya kimataifa ya upimaji kuwa njia ya kupima kama kemikali iliyomo majini ina sumu kwa samaki. Seli huwekwa katika maji yenye kemikali hiyo, na vifo vyake huhesabiwa, badala ya kuua samaki wengi. Siku itakapokuja ambapo mwenye bwawa atamshitaki mwenye shamba juu ya dawa iliyotiririka, itafaa tuwe na kipimo kuliko kuwa na maneno.

MAMBO NINAYOUOMBA MKUTANO MKUU

Bwana Mwenyekiti, sijaja kuwaomba mjenge maabara ya seli hapa Makanyagio. Kazi hiyo ni ya taasisi kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, ambayo ina kituo chake Kigoma. Lakini maabara haina macho ya kuona bwawa la Mpanda. Macho ni sisi. Naomba basi mambo matano.

Kwanza, vifaranga wote wa wanachama wanunuliwe na Chama kwa pamoja, kutoka kituo cha kuzalishia kinachojulikana, ambacho wazazi wa vifaranga wake wamepimwa, na hati ya kipimo ihifadhiwe ofisini. Mwanachama mmoja hawezi kumdai muuzaji hati. Wanachama wote pamoja waweza.

Pili, kila shehena iandikwe katika daftari: tarehe, mahali ilikotoka, idadi, na mabwawa ilikopelekwa. Bwawa moja likipata msiba, tujue kwa saa moja mabwawa mengine yaliyopokea ndugu zao.

Tatu, vifaranga wapya watengwe katika bwawa lao peke yao kwa mwezi mmoja kabla ya kuchanganywa na wengine. Huko Thailand vifo vya TiLV vimeonekana hasa katika mwezi wa kwanza tangu vifaranga kuhamishiwa katika makazi mapya.

Nne, mabwawa yasichimbwe mahali ambapo masika huunganisha maji yake na mto, na midomo ya kutolea maji iwekwe wavu imara. Wala mtu asichukue samaki wa bwawa akawatia katika Katuma au Ugalla, hata akiwa na nia njema ya kuongeza kitoweo.

Tano, vifo vikitokea, visifichwe. Samaki anayeacha kula, anayezubaa juu ya maji, mwenye wekundu au michubuko ya ngozi, au mwenye macho yaliyovimba au kuingia ukungu, aripotiwe kwa Afisa Uvuvi siku hiyo hiyo. Achukuliwe yule anayekaribia kufa au aliyekufa sasa hivi, awekwe juu ya barafu ndani ya mfuko safi, wala asitiwe formalini yote. Kwa maana formalini huhifadhi umbo lakini huua kirusi, na kirusi kilichokufa hakiwezi kuota katika seli. Kipande cha pili kitiwe spiriti kwa ajili ya kipimo cha PCR, na cha tatu kitiwe formalini kwa ajili ya hadubini. Chama kikiwa na sanduku moja la barafu na chupa chache zilizoandaliwa, gharama yake haitafika bei ya robota moja zuri.

Najua yako manung'uniko. Ndugu mmoja aliniambia kwamba vifaranga wa barabarani ni wa bei nafuu, na kwamba mambo ya hati ni ya wakubwa. Sikumlaumu, maana mfuko wake anaujua mwenyewe. Lakini tufanye hesabu pamoja. Asiyekuwa na hati hupata nafuu katika siku ya kununua tu. Vifaranga wake wakifa, amepoteza bei yao, na chakula walichokula, na msimu mzima. Na maji yake yakifika kwa jirani, amempotezea jirani aliyelipa bei kamili. Hapo ndipo jambo linapoacha kuwa la mtu mmoja na kuwa la ushirika. Tumbaku yenye ukungu ya mtu mmoja huweza kukataliwa peke yake sokoni. Maji mabaya ya mtu mmoja hayakataliwi na mto.

Mwisho, nawaomba Halmashauri mfikirie kumsomesha kijana mmoja wa kike au wa kiume kutoka kwa wanachama, ajifunze elimu ya maradhi ya samaki. Miaka kumi iliyopita hatukuwa na mtu wetu ajuaye kusoma mizani ya mnunuzi, tukapunjwa mpaka tulipompata. Katika jambo hili la samaki tusingoje kupunjwa kwanza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Seli ni ndogo kiasi kwamba jicho haliioni, na ufa wa namna hiyo ni rahisi kuupuuza. Lakini ni katika vitu vidogo namna hiyo sotoka iliposhindwa, na ni katika vitu vidogo namna hiyo mabwawa yetu yataponea au yataangamia. Shauri la mabwawa ni jema, nami naliunga mkono kwa moyo wote, pamoja na masharti hayo matano.